Jina Nililoliacha Nje ya Orodha

Noela ameniomba niwaambie neno kabla ya wiki ya mitihani. "Papa Metre," amesema, "batoto banaogopa. Babili habalali tena. Ubaambie vile ulikuwa unatuambia sisi."

Nimekubali. Lakini ninyi mnaokaa leo kwenye mabenchi yaliyokuwa yangu, sitaanza na hofu. Nitaanza na wivu. Hofu ya mtihani naijua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani. Wivu nimekaa nao chumba kimoja maisha yangu yote.

Hata sasa nawaonea wivu. Asubuhi napita nje ya ukuta na fimbo yangu, nasikia kalamu zenu zikikwaruza karatasi zote kwa pamoja, kama mvua ya kwanza juu ya bati, na moyo unauliza: kwa nini wao?

Kazi yangu ilikuwa repetiteri. Kwetu Bukavu neno hilo kila mzazi alilijua. Ni mtu anayerudia masomo na mwanafunzi baada ya shule hadi yaingie. Nilifika hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mashati mawili na kazi hiyo kichwani, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu barabarani aliweza kuninyang'anya. Ubao wangu wa kwanza niliupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu za redio, nikauchanganya na uji mwembamba wa muhogo. Mvua iliponyesha kwa upande, ubao ulichuruzika, na wanafunzi wakarudi makwao na hesabu nyeusi kwenye mashati. Waliniita Papa Metre, maana yake mwalimu kwa Kifaransa chetu, nami nililibeba jina hilo kama kofia mpya.

Mwanzoni nilifundisha kama mapadri walivyonifundisha mimi: kwa moyo, neno kwa neno, bila kupumua. Etiene, kijana wa Fizi mwenye kichwa kama sanduku lisilojaa, alikariri kitabu kizima cha afya ya jamii. Nikampa mtihani wa majaribio. Akajibu swali la kipindupindu vizuri ajabu, mstari baada ya mstari, na mwisho akaandika: "Tazama mchoro upande wa pili." Nikageuza karatasi. Nyeupe. Alikuwa amekariri hadi maneno ya kitabu ya kumwelekeza msomaji.

"Etiene, mchoro uko wapi?"

"Uko mu kitabu, Papa Metre."

"Na kitabu kiko wapi?"

"Ku nyumba."

Tulicheka hadi mama wa jirani akaja kuuliza kama kuna arusi. Lakini usiku ule sikucheka. Etiene hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyemfundisha kubeba gunia bila kulifungua. Tangu siku hiyo kila aliyeniambia jibu nilimwuliza: umefikaje hapo? Onyesha njia. Neno hilo, "onyesha njia," nililipiga kelele miaka mingi hata kasuku angelijua.

Kosa la pili lilikuwa la maji. Sifa, mama wa watoto wanne, tumbo lilimvuruga kila alipoona karatasi ya mtihani. Nikamwambia, kwa hekima yangu yote, asile wala asinywe kitu tangu asubuhi. Ilikuwa Oktoba, mnajua jua la Oktoba hapa. Saa tano alisimama kujibu swali, akaangukia ubao. Tulipomwinua, hesabu ya wastani ilikuwa imejichapa nzima kwenye shavu lake. Basi shikeni hili: nsima kidogo, ugali wa hapa, saa moja kabla ya mtihani, isiyojaza, na maji kwa kijiko kikubwa, si kwa kopo. Mwili wenye njaa hausomi swali, unasoma njaa yake.

Sasa Fabrice.

Fabrice alikuja kutoka Uvira akiwa kijana mdogo, akasoma hapahapa kambini diploma kama hii mnayosoma ninyi, ya masomo yanayotumwa kwa intaneti, na akaifaulu. Akafungua darasa lake nyumba nne kutoka kwangu. Kila Jumamosi asubuhi aliwapa wanafunzi karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, akaweka simu yake mezani ihesabu dakika, akatoka nje. Ilipolia, kalamu chini. Kisha aliwapeleka kutembea hadi barabara kuu na kurudi, na akawakataza kutaja mtihani njiani. Aliyetaja alimbebea mwenzake vitabu.

Nilisema huo ni mchezo. Niliwaambia wazazi kwamba mwalimu anayetoka nje ni kama mpishi anayeacha chungu. Moyoni nilijua ni njia nzuri kuliko yangu. Nilijua pia kwamba ukutani kwake, ndani ya plastiki, kulikuwa na karatasi yenye muhuri na jina lake. Mimi sikuwa na karatasi hiyo. Pale Bukavu nilisoma hadi mwaka wa mwisho, nikapewa namba ya kiti cha mtihani, arobaini na moja, nikapiga viatu rangi. Wiki ileile risasi zilifika mjini. Kiti arobaini na moja sikukikalia.

Wanafunzi wakaanza kuhamia kwake. Wivu una macho yake, vijana. Nilipopita mlangoni kwa Fabrice sikutazama ndani, nilitazama sandali zilizovuliwa nje. Nilizijua zote. Za Etiene, kisigino kimeliwa upande. Za Sifa, za rangi mbili. Na Jumamosi moja nikaona zile za buluu zilizoshonwa kamba kwa waya. Za Noela.

Noela huyuhuyu mnayemwita Madamu. Alikuwa mwanafunzi wangu kwa miaka miwili. Alipokuja hakujua kugawanya desimali, na nilimpandisha ngazi kwa ngazi hadi takwimu, somo lililokuwa likiwaangusha wote. Mama yake, Mama Noela, alishona nguo kwa cherehani ya kukanyaga karibu na soko. Kama Noela angefaulu takwimu, angemaliza diploma, na kliniki moja ilikuwa imemwahidi nafasi. Angeanguka, hapakuwa na mwaka mwingine, kwa sababu programu ile ilikuwa inafungwa.

Hakuniacha. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Jumatatu hadi Ijumaa alikaa kwangu, Jumamosi kwa Fabrice, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nami, badala ya kumwuliza, nilimwongezea mazoezi. Fabrice akitoa karatasi moja, mimi natoa hesabu ishirini. Niliona anatafuna ncha za nywele zake kama mbuzi. Nikasema: ni bidii.

Mama yake akaja, uzi bado umening'inia shingoni.

"Metre, mutoto hakuli."

"Atakula akimaliza mitihani."

"Jana nilimutuma chumvi, akarudia na sabuni. Nikamuuliza, akaniambia eti ni variance. Variance njo nini, Metre? Ni ugonjwa?"

"Ni hesabu, Mama Noela."

"Basi hiyo hesabu inamumaliza," akasema, akaondoka.

Ninyi mnajua desturi ya kanisa letu, Jumapili ya kalamu. Jumapili kabla ya mitihani kila mwanafunzi hutoka mbele na kalamu atakayoandikia, lakini haishiki yeye. Humpa mtu mmoja aliyemtayarisha, na huyo huinyanyua wakati Mchungaji anaomba. Mwaka mmoja nilinyanyua kalamu tisa, nikaonekana kama mchuuzi. Mwaka ule nilivaa koti. Etiene alimpa Fabrice. Sifa alimpa mume wake. Kisha Noela akatoka kwenye benchi la wanawake na kalamu yake ya buluu, akaja upande wetu.

Nilisimama. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilisimama kabla hajafika. Alinipita. Alimpa Fabrice kalamu. Nami, kwa kuwa nilishasimama na kanisa zima lilikuwa linanitazama, nikaenda kufungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Nikalifunga.

Kutoka hapo nisikilizeni vizuri.

Mtihani ulifanyika mjini Lilongwe, mtaa wa Area 49, katika ukumbi ambao chuo kilikodi. Mkimbizi hatoki kambini bila karatasi ya ruhusa, na ruhusa ile ilitolewa na ofisi ya kambi kwa orodha moja: majina ya wanafunzi, chini yake majina ya wasindikizaji wawili. Mimi ndiye niliyeandika orodha, miaka yote, kwa sababu ya mwandiko wangu. Mapadri walitupiga vidole hadi herufi zikasimama wima kama watawa.

Jumatatu niliketi, nikaandika. Namba moja, Etiene. Namba kumi na moja, Sifa. Namba kumi na mbili kalamu yangu ikakaa hewani. Sikujiambia: ninamfuta. Nilijiambia: wino unakauka, ofisi inafunga, Fabrice ndiye aliyeshika kalamu yake, basi Fabrice amkumbuke. Nikapiga mstari chini ya kumi na moja, mstari mzuri sana, ulionyooka. Nikaandika wasindikizaji, mimi na Fabrice. Nikapeleka.

Jumatano asubuhi ruhusa ikarudi na muhuri wake. Mtihani ulikuwa kesho yake, Alhamisi. Wanafunzi walisimama barazani kwangu, nikasoma majina. Kumi na moja. Noela alikuwa nyuma, mkononi daftari limekunjwa.

"Yangu?"

"Halipo," nikasema. "Labda limerukwa."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi. Niwaambie ukweli, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inayangojea. Lakini mabega yake yakashuka, taratibu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani. Uso wake ukalainika. Akacheka.

"Njo kusema siendi?"

"Jina halipo, Noela."

"Aksanti Mungu," akasema. "Aksanti, Papa Metre. Leo njo nimepumua."

Aliniambia aksanti. Nikakaa juu ya benchi. Uso ule niliujua. Ulikuwa wangu.

Jambo hili sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Siku risasi zilipofika Bukavu, kabla ya kuogopa, kabla ya kumtafuta mama yangu, nilisikia furaha ndogo, kama unyoya. Nilisema moyoni: basi siandiki. Sikuwa tayari. Sura mbili za mwisho sikuzifungua. Vita viliniokoa nisijulikane kama ningeanguka au ningefaulu, na unafuu ule wa dakika moja nimeulipia kwa kumwonea wivu kila mtu niliyemwona ameketi kwenye kiti chenye namba. Sasa nilikuwa nimemnywesha msichana wa watu kikombe kilekile, naye ananishukuru.

Nikaenda kwa Fabrice. Alikuwa anaosha shati la kesho.

"Noela hayuko kwenye orodha."

"Nimesikia. Ofisi balimuruka?"

"Hapana."

Akainua macho. Povu likamtiririka mikononi. "Papa, ulisahau ao uliacha?"

"Niliacha."

Alikamua shati lile hadi nikadhani litapasuka. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akasema tu: "Leta ile karatasi. Twende ku ofisi mbele bafunge."

Karani wa ofisini, Mmalawi mpole mwenye miwani, alinisikiliza hadi mwisho. "Pepani, agogo," akasema kwa Kichewa, pole, babu. Bosi aliyesaini alikuwa amekwenda mjini. Watu kumi na watatu waliosainiwa ni kumi na watatu, hawezi kuongeza wa kumi na nne. Kubadilisha jina moja kwa jingine, hilo aliweza, akiweka muhuri mdogo pembeni. Akatutazama mmoja mmoja. "Nani anabaki?"

Fabrice alifungua mdomo. Nikamwahi. Wanafunzi walimhitaji yeye njiani, si mzee aliyekwenda kufungua dirisha akalifunga. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari juu ya jina langu, na juu yake nikaandika Noela kwa herufi zangu za watawa.

"Zikomo," nikamwambia karani kwa lugha yake, asante.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Tulimkuta kwa mama yake, anakula sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, kwa mikono miwili, chakula cha kwanza cha kweli baada ya wiki. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama.

Noela aliinuka polepole. Sijawahi kuona hasira ikimpendeza mtu vile.

"Papa muzima, mvi juu ya kichwa, na wivu ya batoto!"

"Ndiyo."

"Ju ya kalamu!"

"Ndiyo, ju ya kalamu."

"Unajua ju ya nini nilimupa Fabrice? Ju mikono yake haitetemekake! We, kila mara ukishika kitu yangu unatetemeka, sawa vile we njo unaenda kuandika. Ni mi naandika, Papa Metre! Haiko we! Mi niliogopa ya kwangu, kisha nikabeba na ya kwako!"

Mama yake akasema, bila kuinua macho: "Sema, mwanangu. Mumalizie yote, kisha umalize na chakula."

Akasema yote. Sitayarudia, mengine yalikuwa ya kienyeji cha kwao Uvira na hayaandikiki. Akamaliza na sahani pia. Akaninyooshea kidole chenye mafuta ya mawese: "Kesho naenda. Na nitafaulu, ju we ukose fasi ya kujificha."

Fabrice akaniangalia, na kwa mara ya kwanza sisi wawili tulifundisha pamoja. Somo lilikuwa hili: vitabu vyote tulimpa Mama Noela, akavifungia ndani ya sanduku la vitambaa. Tukampeleka Noela kutembea hadi barabara kuu. Hakuna kutaja mtihani. Nilitaja mara mbili, kwa mazoea, nikabeba mkoba wake kwenda na kurudi. Akapiga pasi nguo ya kesho. Akaosha miguu kwa maji ya moto. Jua lilipozama alikuwa amelala, na siku ya mwisho haitaki zaidi ya hapo. Atakayewaambia mkeshe usiku mkisoma, mpeni salamu zangu, mwambieni nilikaribia kumwua mwanafunzi kwa njia hiyo.

Fabrice aliniambia pia kitu alichowafundisha, nami nawapa kama nilivyopewa. Karatasi ikifika, usiandike. Weka kalamu chini, soma maswali yote hadi mwisho, vuta pumzi tatu, anza na lile linalokuchekea. Moyo ukipata jibu moja unajua njia ya kwenda kwa la pili.

Alhamisi waliondoka asubuhi. Niliwatazama wakipanda, Noela kwenye nafasi yangu. Hakunipungia mkono. Nilibaki na wivu, wivu safi, usio na Fabrice tena ndani yake. Niliwaonea wivu kwa sababu saa tatu wangeketi kila mtu kwenye kiti chenye namba.

Nikarudi barazani. Fabrice alikuwa ameniachia, bila kuulizwa, karatasi ya takwimu ya mwaka uliotangulia, imekunjwa ndani ya bahasha. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye benchi: 41. Saa tatu kamili kwa redio ya jirani nikakaa. Vijana, nilitetemeka kama jani la mgomba. Nikasahau maji. Nikasahau pumzi tatu, nikaanza na swali gumu kama mpumbavu. Saa tano nilitaka kusimama, kuna mbuzi alikuwa anakula kamba ya nguo za watu na nilijiambia wajibu unaniita. Nikakaa. Saa sita nikaweka kalamu chini.

Jioni Fabrice aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, mbele ya Noela, ambaye alikuwa amerudi na vumbi la Lilongwe kwenye nywele na bado hakutaka kunisemesha. Nilipata sitini na moja. Alama nyingi nilizikosa mahali pamoja, na pembeni Fabrice aliandika: "Jibu ni sawa. Hukuonyesha njia."

Noela alisoma juu ya bega lake. Akajaribu kushikilia hasira. Ikamponyoka, akacheka hadi akakaa kwenye benchi, juu ya ile arobaini na moja ya chaki, ikamchapa nyuma ya sketi.

Alifaulu, mnajua. Kliniki asubuhi, ninyi mchana. Macho yangu yalipoanza kufifia nilimpa ubao, na ameupaka rangi ya kweli ya dukani. Fabrice anafundisha bado, nyumba nne kutoka hapa, na nyote mnaenda kwake Jumamosi, na Noela ndiye anayewatuma.

Jumapili hii ni ya kalamu. Msilete kwangu. Mpeni yule ambaye mikono yake imetulia. Mimi nitakaa benchi la tatu, koti mwilini, nikiwaonea wivu mmoja mmoja kwa majina, na sitasimama.

Ila Jumatatu, kabla orodha haijakwenda ofisini, nendeni mkaisome wenyewe. Kila mtu aweke kidole juu ya jina lake. Msimwamini mtu kwa sababu ana mwandiko mzuri.